Vazi la Msiba Nyuma ya Utando

Mei 19
Leo nyumba imepokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni buibui. Baba mkwe kawatoa vichakani akawaachia sebuleni na uani, kama afanyavyo kila mwaka wakati huu, kila mmoja ajichagulie pembe yake mpaka pambano la buibui la Juni. Wote majike, wenye mistari ya manjano na myeusi, na wote wana haki zaidi yangu katika nyumba hii.

Mgeni wa pili ni kamera. Daktari Hirakawa amefunga kliniki yake ya meno kwa sababu ya uzee. Alipokuwa akigawa vitu akanipa ile niliyokuwa nikiwapigia wagonjwa picha za meno, na lenzi yake ya karibu, na taa yake ya duara. "Chukua, Chizuru. Wengine wataivunja tu." Niliinama mpaka mgongo ukalia. Sasa nina kamera inayoona tundu la jino dogo kuliko punje ya chumvi, na sina hata mdomo mmoja wa kuupiga. Nimemwomba baba mkwe. Kafumba wake.

Mei 20
Mlima wa volkano umepiga chafya. Nimefagia majivu, nimefua, nimefagia tena.

Mei 22
Buibui kwenye mswaki wangu. Nimepiga yowe lililosikika bandarini. Baba kacheka mpaka kakohoa. "Mkwe, umeingia nyumba hii mumeo Nobu hajaota kitambi, na bado hujawazoea?"
Sijawazoea.

Mei 25
Asubuhi nilitoka na kapu la nguo nikamkuta Baba mbele ya ua wa michai, ameshika panzi kwa kibanio, anambembeleza mmoja wa warembo wake. "Kula, mama, kula. Mwezi ujao utamwaibisha Imakiire mbele ya watu." Imakiire ni mshindani wake tangu wote wawili wakiwa na nywele.

Nilisogea nimwone huyo mrembo. Hakukuwa na buibui. Kulikuwa na kipande cha utepe wa manjano na mweusi, ule wanaoufunga mafundi wa barabara. Upepo uliuleta ukanasa kwenye matawi. Baba aliusogezea panzi, panzi akaponyoka akaruka zake. "Kamla!" Baba akasema, na akafurahi kweli.

Nilidhani ananitania. Kisha mambo yakaanza kujipanga kichwani. Chumvi kwenye chai yake juzi. Gazeti lililokunjwa vilevile lilivyoletwa. Na siku ile alipoinamia aproni yangu kwenye kamba ya nguo, akaisalimu kwa heshima zote, nami nikadhani ni kejeli.

Wakati wa chakula nikamuuliza wazi. Aliweka bakuli chini. "Tangu majira ya baridi," alisema. "Pembeni naona. Katikati hapana. Kama mtu kaniwekea kidole gumba mbele ya kila kitu ninachotaka kukitazama." Daktari wa macho kamwambia ugonjwa utasimama hapo au utasogea polepole, lakini kilichopotea kimepotea.

"Nobu anajua?"

"Nobu akijua atanipeleka kwake Osaka anakofanya kazi, nikae ghorofa ya tisa nisikilize lifti. Na chama cha buibui wakijua watanipa kiti cha wageni wa heshima, na utepe wa kubandika kifuani. Kanuni ni kwamba mwenye buibui amchague mwenyewe, ampandishe mwenyewe kwenye kijiti wanapopigania, amwangalie mwenyewe. Mimi sitaki utepe, mkwe. Nataka kijiti."

Mtu huyu hajawahi kuniomba kitu. Aliniamrisha tu, miaka yote, na mimi nikanung'unika jikoni. Leo kaniomba nisiseme. Nikamwongeza supu.

Mei 26
Mvua. Nimeutoa ule utepe uani, asiendelee kuulisha.

Mei 28
Nilikuwa nimefikiria hivi: kamera inakuza, televisheni inakuza zaidi, basi ataona. Nikampiga picha yule mkubwa kwenye michai, yule ambaye nimeanza kumwita Gego kwa jinsi alivyo mnene na mzito wa kuondoka mahali. Nikaunganisha kamera na televisheni. Baba akatazama kwa adabu.

"Majani," akasema. "Majani mazuri."

Manjano ya buibui yalikuwa yamezama katika kijani na vivuli. Nilivunjika moyo, nikaenda kuosha vyombo, na ni huko kwenye sinki nilikokumbuka kazi yangu mwenyewe. Meno ya mbele hatuyapigi picha hivihivi. Nyuma yake tunaingiza kibao cheusi, kufunika ulimi na koo na mate, jino libaki peke yake kama hakuna kingine duniani. Kibao hicho ninacho, kilikuja na kamera!

Nikatoka mbio na mikono ina povu. Kibao ni kidogo, nusu ya Gego ilibaki nje, lakini ile nusu nyingine ilisimama kwenye televisheni, manjano juu ya weusi mtupu.

Baba alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Akakaa. "Ngoja. Rudisha hiyo." Akaugeuza uso pembeni, akawa anatazama kwa kona ya jicho kama kuku anayekagua punje. "Mguu wa tatu wa kushoto hauna ncha."

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kweli, haukuwa na ncha. Mimi mwenye macho mawili mazima sikuwa nimeona.

Nilifurahi hata nikataka kulia. Nikarudi kwenye vyombo nikaviosha mara ya pili.

Mei 29
Nimejipalia makaa. "Mkwe, mpige yule wa dirishani. Sasa tumbo. Sasa mdomo. Hapana, huo si mdomo." Kutwa nzima. Mchana nilijisikia nikimwambia buibui, "Fungua zaidi kidogo, haitauma." Mazoea ya kliniki.

Mei 31
Kuna mwembamba, mwepesi, mwenye hasira za karibu. Nimemwita Chonge.

Juni 2
Kibao cha meno hakitoshi. Tunahitaji weusi wa kumzunguka buibui mzima na utando wake. Nimejaribu mwavuli: chini ya taa unageuka bluu. Mfuko wa taka unang'aa. Fulana nyeusi ya Nobu imefuliwa mpaka imekuwa kijivu, na tena ina maandishi ya timu ya besiboli.

Katika nyumba nzima kitu cheusi kweli ni kimoja, kimono ya msiba ya marehemu mama mkwe. Hariri iliyorudiwa kutiwa rangi mpaka mwanga ukiingia hautoki. Ina alama za ukoo nyeupe kifuani na mgongoni, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini ni giza tupu. Nilizunguka saa nzima kabla ya kumwambia Baba.

"Yule aliwachukia buibui kuliko wewe," alisema. "Litundike. Awajue sasa."

Juni 3
Nimelitundika vazi kwenye mwanzi wa kuanikia, nyuma ya ua wa michai, na nimepiga picha mpaka betri ikafa.

Niseme ukweli, maana hili ni daftari langu na hakuna wa kunicheka. Ni wazuri. Miaka yote nilikuwa nawaona kama kitu cha kukimbia, kumbe kichwa ni cha fedha, kina manyoya mafupi kama mahameri. Mistari ya tumboni si ya manjano tu, ina vidoa vya bluu pembeni ambavyo hakuna anayeviona kwa kupita. Miguu wanaipanga miwilimiwili, wakakaa kama herufi ya X katikati ya utando. Chonge alinitazama kwa macho yake yote manane, nikajikuta nimeshusha kamera nikamwambia, "Samahani kwa mambo ya mswaki."

Baba kakaa mbele ya televisheni tangu asubuhi mpaka chakula cha jioni. Hajatoka hata getini.

Juni 5
Leo baba mkwe amekufa, na akafungua mlango mwenyewe.

Redio imetangaza kwamba majira ya mvua yameanza rasmi. Basi ni mtu gani mwenye akili anayeanika kimono ya msiba wakati wa mvua? Mavazi hayo hutolewa kupigwa upepo siku za ukavu. Ukiliona nje mwezi wa Juni, ama limetoka kuvaliwa au linakaribia kuvaliwa. Na mzee wa nyumba hajaonekana siku tatu. Bi Tokie wa jirani aliliona juu ya ua, na macho hayana pazia, akapiga hesabu zake.

Saa nne kengele ililia. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya michai, nimemlenga Gego. Nikamsikia Baba akienda mlangoni, kisha kimya, kisha kitu kikaanguka. Nilipofika, Bi Tokie alikuwa amekaa kizingitini, amevaa nyeusi, tasbihi mkononi na bahasha ya rambirambi imeangukia kiatuni.

"Mzee Kamizono," alisema kwa sauti ya kunong'ona, "si umekufa?"

"Bado," akasema Baba. "Nani kasema?"

"Watu wote wanasema!"

"Ulimwambia nani?"

"Watu wote!"

Baba akamshika mkono akamwinua. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi ingia unywe chai, ungoje."

Nilicheka mpaka nikashikilia nguzo. Bi Tokie naye alilia kwanza, akatukana kidogo, kisha akacheka kuliko sisi. Lakini ilibidi aelezwe vazi linafanya nini nje, na kueleza vazi ni kueleza macho. Baba alimweleza mwenyewe, taratibu, huku akizungusha kikombe. Nikajua habari zitafika bandarini kabla chai haijapoa.

"Mimi mdomo wangu hauna kufuli, najua," alisema Bi Tokie. "Lakini mtu niliyemuua leo asubuhi, siwezi kumuua tena jioni."

Juni 6
Waombolezaji wanaendelea kuja. Mwenye duka la mchele kaleta maua. Mwalimu mstaafu kaleta keki za maharage, akabaki kuzila pamoja na marehemu. Baba anawapokea wote barazani, amejaa furaha. "Kufa kuzuri, mkwe. Sijawahi kusifiwa hivi."

Jioni alikuja Imakiire. Alisimama getini na suti nyeusi iliyombana, macho mekundu, chupa ya pombe ya viazi vitamu imekumbatiwa kifuani. Akamwona Baba anavuta tambi kwa kelele.

"Mshenzi wewe," akasema. Akaiweka chupa juu ya nguzo ya geti, akaondoka bila kuaga.

Baba aliacha kula. Aliweka chini vijiti vyake vya chakula. "Alikuwa analia?" akaniuliza. Sauti aliisikia, uso hakuuona. Nikamwambia ndiyo, Baba, alikuwa analia.

Juni 8
Mvua na majivu pamoja, maana yake matope kutoka mbinguni. Tando zote za nje zimeshuka.

Juni 9
Chonge hayupo. Nimetafuta hadi ndani ya viatu.

Juni 10
Yupo! Amejenga kwenye madhabahu yetu ya marehemu, utando umeanzia kwenye fremu ya picha ya marehemu mama mkwe ukaishia kwenye kengele. Nimempiga picha hapohapo. Baba katazama kwa kona ya jicho, kwanza buibui, kisha ile picha nyuma yake.
"Wamepatana," akasema.

Juni 13
Baba kamchagua Chonge. Wengine wangemchukua Gego kwa unene. Baba kaniwekea picha mbili kwenye televisheni, kanionyesha jinsi miguu ya mbele ya Chonge ilivyo mirefu na anavyoitanguliza hata akiwa amepumzika. "Gego anapenda kula. Huyu anapenda ugomvi. Kama mtu fulani aliyeolewa humu." Nimemwacha aseme.

Juni 14
Siku mbaya.

Tulifanya mazoezi uani; buibui anayemuuma mwenzake tumboni, kumfunga uzi, au kumkata uzi akining'inia, ndiye mshindi. Kijiti kimoja cha ulalo, Gego angoje ncha moja, Baba ampandishe Chonge ncha ya pili. Mpaka hapo vidole vyake vinajua. Lakini Chonge alipoanza kutembea, Baba alimpoteza. Nyuma yake kulikuwa na michai, na ua, na nguo za Bi Tokie kwenye kamba. Buibui wakavaana, mimi nikaona, yeye akawa anageuza kichwa huku na huku.

"Yuko wapi? Nani kamuuma nani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akawachukua buibui mmojammoja, akawarudisha kwenye tando zao kwa upole. Kisha akakaa barazani.

"Picha ni picha," alisema. "Kijiti ni kijiti. Kesho nitampigia mwenyekiti simu. Nitakaa kiti chao cha utepe."

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia sikulala kifudifudi kwenye matope majuma mazima, nikisemeshana na wadudu, ili yeye akabandikwe utepe. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia mengine pia, ya zamani, ya supu na chumvi na kuitwa "mkwe" badala ya jina. Alinisikiliza. Nimeingia chumbani, na ninachokiogopa si kwamba nimemkosea adabu. Nakiogopa kile kiti.

Juni 15
Mvua. Hatusemezani. Simu hajapiga.

Juni 16
Naandika nikiwa na furaha kubwa hata mwandiko unaruka.

Niliona vazi la msiba halina kazi tena, likunjwe lirudi sandukuni. Lakini lilikuwa limechanika kidogo pindoni kwa matawi, nikalivaa nione linahitaji mshono wapi. Nikasimama sebuleni mbele ya kioo. Baba akaingia, amembeba Chonge juu ya kijiti, anamhamisha kutoka madhabahuni.

"Usisogee," akasema.

Nikadhani nina buibui kichwani. Nikaganda.

"Usisogee, Chizuru." Alikuwa amegeuza uso pembeni, kijiti kiko kati yetu, Chonge anatembea juu yake, na nyuma ya Chonge ni mimi, weusi mtupu. "Namwona. Kanyanyua mguu wa mbele. Kashusha. Anageuka. Anageuka, sivyo?"

Alikuwa anageuka.

Bi Tokie alisikia vigelegele vyangu akaja na upawa mkononi, akidhani safari hii kweli mtu kafa. Nikamweleza: Jumapili nitavaa hivi, nitasimama nyuma ya kijiti.

"Peke yako?" alisema. "Utaonekana kichaa. Tukiwa wengi itaonekana mila."

Juni 18
Bi Tokie kazunguka mtaa mzima. Mdomo wake usio na kufuli umepata kazi halali.

Juni 20, Jumapili
Mawingu, bila mvua. Ukumbi ulijaa watu, na kila mtu na buibui wake kwenye kijiti kama mtu aliyebeba mshumaa. Mwenyekiti wa chama alipotuona tukiingia, wanawake wa mtaa mzima tumevaa nyeusi ya msiba katikati ya sherehe, alivua kofia akauliza kwa huruma ni nani aliyefariki.

"Hakuna mtu," akasema Bi Tokie. "Ni sare ya washangiliaji."

Tukasimama nyuma ya kamba bega kwa bega, kijiti mbele yetu. Mimi katikati. Joto lilikuwa la kufa mtu, jasho likashuka mgongoni kama mfereji, na hariri ya mama mkwe ilinuka dawa ya nondo na majivu. Baba alikuja na koti lake la sherehe. Alitupitia kwa kona ya jicho, mstari wote. 

Pambano la kwanza lilikuwa dhidi ya kijana wa bandarini. Baba alimpandisha Chonge kwa vidole viwili, akamwacha. Chonge alikwenda moja kwa moja, hakusalimu, akamkumba yule mwingine akamfunga uzi tumboni kabla refa hajainama vizuri. "Kamfunga!" akapiga kelele Baba, na refa akanyanyua mkono upande wetu. Sisi wa nguo nyeusi tukashangilia mpaka watu wakageuka kututazama.

Pambano la pili, Imakiire.

Alipokuja upande wake alitutazama. Alimtazama Baba aliyeugeuza uso, akatutazama tena, kisha akatazama mahali alipokuwa amesimama yule bibi mwalimu mstaafu katika mstari wetu, kabla hajaenda kunywa maji. Pale palikuwa na pengo. Kupitia pengo hilo yalionekana mabango, na taa, na watoto wanaokula barafu. Nikaona amejua. Neno moja lake kwa mwenyekiti lingetosha kumrudisha Baba kwenye kiti cha utepe.

Imakiire aliegemeza kijiti chake, akachukua mwavuli wake mweusi, akauzunguka uwanja mpaka tulipo. Akaufungua, akanikabidhi. "Shika hapo," aliniambia. "Juu kidogo. Asije akasema nimemshinda kipofu." Akarudi mahali pake.

Walipigana muda mrefu. Chonge alishambulia, akarudishwa, akashambulia. Baba alikuwa amechuchumaa, mikono magotini, anasema kwa sauti ndogo kila anachokiona, na kila alichosema kilikuwa kweli. Kisha Chonge akateleza. Akaning'inia chini ya kijiti kwa uzi wake mmoja, anazunguka, mdogo na wa manjano, mbele ya weusi wa magauni yetu. Buibui wa Imakiire akashuka polepole mpaka kwenye uzi.

"Kakatwa!" Baba akaruka juu. "Uzi umekatwa! Kakatwa!"

Refa alikuwa bado ameinama. Ndipo Chonge akaanguka kwenye kiganja chake, na ndipo mkono ukanyanyuliwa upande wa Imakiire. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mzee aliyetangaza kushindwa kwake kabla ya refa, na ambaye sasa alikuwa anacheka, anapiga mapaja, machozi yanamshuka.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema mwenyekiti, ameguswa. "Lakini wewe, Mzee Kamizono, mbona unasherehekea?"

"Nimeona!" akasema Baba. "Nimeona vizuri kabisa!"

"Macho ya huyu ni makali kuliko ya refa wako," akaongeza Imakiire, na akaja kuuchukua mwavuli wake.

Juni 21
Tumewarudisha buibui vichakani, kama ilivyo desturi. Gego alikataa kushuka kwenye kijiti, ilibidi kumbembeleza kwa panzi. Chonge hakugeuka nyuma. Kabla hajapotea nilimpiga picha ya mwisho, na Baba ndiye aliyenishikia pindo la vazi nyuma yake.

Mchana Baba kampigia Nobu simu mwenyewe, akamwambia habari zote za macho. Nilisikia kelele za Osaka mpaka jikoni. "Siendi popote," alimjibu. "Mwakani nina pambano. Na Chizuru ana kazi."

Vazi lina majivu, jasho na nyuzi za utando. Nimelianika barazani. Bi Tokie kapita, kachungulia juu ya ua, kaliona.

"Nani?" akauliza.

"Leo hakuna," akajibu Baba kutoka ndani. "Ingia unywe chai."